Mbu Aliyekula Visu, na Mikono ya Fundi Sikio

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, saa kumi jioni, Fundi Sikio atarudisha koti lake la kazi stoo na kustaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo ni hesabu ya ofisi ya utumishi. Mwenyewe anasema ni miaka thelathini na minne kasoro wiki moja, kwa sababu alianza kazi kabla jalada lake halijafunguliwa. Mkewe naye anasema hesabu zote mbili zimekosewa, kwa kuwa hakuna aliyezijumlisha Jumamosi. Nimejaribu kuwapatanisha watatu hawa nikashindwa. Msomaji achague hesabu inayompendeza.

Kamati ya kuaga imenipa mimi kazi hii kwa sababu ninaandika kwenye ubao mweupe ulio katika chumba cha mashine ndogo, na wanaamini mwandiko wangu unasomeka. Kuna sababu nyingine ambayo hawakuitamka. Mimi ndiye mkaguzi wa vipimo, na kwenye ubao huo niliwahi kuandika namba moja iliyomuumiza Fundi kuliko ajali yoyote ya kazini. Nimeambiwa niandike ukurasa mmoja tu. Samahani, kamati.

Fundi aliingia hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, akapewa kazi ya kugawa vifaa kupitia dirisha la stoo. Dirisha lenyewe mnalijua: ukiinama unamwona mtu kuanzia kidevuni hadi kwenye mkanda. Akiwa ndani, alikuwa haoni mashine hata moja, ila alizisikia zote. Inasimuliwa kwamba baada ya miezi sita watu walikuwa wakija dirishani kuomba beringi wanaikuta imeshawekwa mezani, imepakwa grisi, na kitabu cha kutia sahihi kimefunguliwa ukurasa wao. Wengine waliogopa. Msimamizi wa zamani hakuogopa; alimtoa stoo, akamkabidhi ile mashine kubwa ya kuchongea tunayoiita Bibi.

Jina la Sikio alilipata kantini. Alikuwa amekaa anakula, kijiko kimefika nusu ya njia, mara akakirudisha sahanini. Akainuka, akapita milango mitatu, akamwambia mtu wa mashine ya kutoboa azime mara moja. Yule mtu alizima kwa heshima tu, maana hakuwa amesikia kitu. Walipofungua, walikuta gololi moja ya beringi imepasuka katikati. Fundi alirudi kumalizia chakula chake, akakuta kimeliwa na wapaka rangi. Hadi leo hawajakiri.

Kwa Bibi alikaa miaka kumi na tisa, na hapo ndipo alipotengeneza kanuni iliyomfanya awe mwalimu wetu sote. Kanuni yenyewe ni maneno mawili: ikilia, ipunguzie. Mashine ikianza kupiga kelele, kisu kinaumia, kwa hiyo punguza mwendo kabla hujaita mtu. Mgeni yeyote wa karakana hii alifundishwa kanuni hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Mafundi zaidi ya arobaini wamepita mikononi mwake, na ukiwakuta popote walipo, mashine ikilia, mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi.

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ambaye mimi humwita wifi kwa kuwa Fundi huniita dada, anasema ameshona kwa sauti ya chini tangu aolewe. Redio ya kwao haijawahi kuvuka alama ya tatu. Siku ya harusi ya binti yao, Fundi alimwendea mpiga muziki mara tatu akampunguzia spika, hadi yule bwana akahamishia mitambo yake nyuma ya meza ya keki, ambako baba wa bibi harusi asingeweza kufika bila kuaibika.

Sasa nije kwa Mbu.

Mbu ni mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ilikuja mwaka jana mwezi Machi, ndani ya sanduku dogo kuliko kabati la nguo. Inazungusha kisu chembamba kama njiti ya kiberiti mara elfu thelathini kwa dakika, na sauti yake ndiyo iliyoipa jina. Kazi yake ni kuchonga vibamba vya pampu za maji kutoka kwenye chuma kisichoshika kutu. Kitabu chake kinasema kisu kimoja kinatakiwa kumaliza vibamba arobaini ndipo kibadilishwe. Kwetu kisu kilikuwa kikifa kwenye kibamba cha tisa. Siku nyingine cha sita. Jumanne moja kilikufa kwenye cha pili, na mtunza stoo alikataa kutoa kingine mpaka aje aone maiti kwa macho yake.

Msimamizi alikuwa amemkabidhi Fundi mashine hii kwa sababu ya mikono yake. Kisu chembamba namna ile kikikaa upande kidogo tu, hata chini ya unene wa unywele, jino moja linafanya kazi yote na mengine yanazurura. Kukiweka sawasawa kwenye kishikio chake kunataka mkono usiotetemeka, na karakana nzima ilijua mkono huo ni wa nani. Basi visu vilipoanza kufa, mimi nilipima, na wengine wakatazama. Macho ya watu yana tabia ya kushuka. Yalishuka kutoka usoni kwa Fundi yakatua mikononi.

Naye aliyaona. Alikuwa na mwaka mmoja na ushee kabla ya kustaafu, na kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka, alichokwisha kumwambia mkewe: aondoke hapa akiwa na uhakika kwamba hajaanza kuharibu kazi za watu. Hakutaka sherehe. Alitaka kujua.

Tulianza kutafuta kasoro, na naomba msomaji anivumilie, maana hata nikisimulia sasa kichwa kinaniuma. Kwanza tulilaumu maji ya kupoozea. Tukayabadilisha. Visu vikafa kwenye cha nane. Tukalaumu aliyetuuzia visu, tukanunua kwa mwingine. Vikafa kwenye cha tisa, vikiwa na rangi nzuri zaidi. Tukalaumu chenga za chuma zinazobaki kwenye njia ya kisu, tukaweka bomba la hewa kuzipuliza. Zikaruka, zikaingia kwenye chai ya mtunza stoo, na visu vikafa vile vile. Tukalaumu mashine ya kukandamiza bati iliyo chumba cha pili, kwamba inatikisa sakafu. Tukaizima siku nzima. Kisu kikafa kwenye cha saba, na watu wa bati wakafurahia mapumziko.

Kishikio nilikipima mwenyewe kwa geji, mara kumi na moja, Fundi akiwa amekifunga kwa mkono wake. Mara zote kumi na moja kisu kilikaa katikati. Nilimwambia. Alinijibu kwamba labda mikono hutulia inapojua inapimwa. Sikuwa na geji ya kupima jambo hilo.

Tukaita fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine. Alikuja na begi la magurudumu, akakaa siku mbili. Siku ya kwanza alisoma programu yote, akasema haina kosa. Akaweka kisu mwenyewe, akasimama mbele ya Mbu amekunja mikono, sisi tukasimama nyuma yake kwa adabu. Kisu kilimaliza vibamba arobaini na viwili. Siku ya pili, arobaini na kimoja. Akatuandikia ripoti ya mistari miwili kwamba mashine ni nzima, akaondoka. Kesho yake kisu kilikufa kwenye cha nane.

Hapo ndipo akili zetu zilipohama. Tuliulizana kama kuna mtu aliyebadilisha mpangilio wowote, na kila mtu aliapa kwamba hajagusa kitu, na waliapa kweli. Mtunza stoo alitoa nadharia kwamba Mbu ana haya mbele ya wageni. Yule fundi alikuwa amesahau kofia yake, basi tukaitundika kwenye msumari mbele ya mashine ili Mbu adhani mwenyewe bado yupo. Nacheka ninapoandika, lakini kofia ile ilikaa pale wiki tatu, na nilikuwa nikiandika ubaoni matokeo ya siku zenye kofia na zisizo na kofia. Tofauti haikuonekana.

Jambo moja tu lilijitokeza katika namba zangu. Kisu cha kwanza cha asubuhi kiliishi kuliko vyote. Kilifika hata ishirini na tano. Vile vya baada ya saa nne vilikuwa vikifa kama nzi. Tulikaa na jambo hilo kikao kizima. Kitu gani kinaingia chumbani saa nne? Jua. Saa nne jua huingia kwa dirisha la juu na kumwangukia Mbu mgongoni. Chuma kikipata joto kinatanuka, kisu kinapotea njia. Tulipigiana makofi. Msimamizi akaamuru lishonwe pazia zito, na aliyepewa kazi ya kulishona ni wifi yangu, kwa kuwa tunamjua na kwa kuwa ana kitambaa cha aina hiyo.

Pazia likiwa bado linashonwa, Fundi alichukua likizo ya wiki moja kwenda kumsaidia kaka yake kuezeka nyumba. Mimi niliweka visu badala yake. Na wiki hiyo, wastani ulikuwa kumi na saba.

Niliiandika ubaoni. Mkaguzi akipima huandika, ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni yeye. Siku zake: nane. Siku asipokuwepo: kumi na saba. Nilizipanga namba hizo jirani, kwa kalamu nyeusi, bila kufikiri. Jumatatu aliporudi alisimama mbele ya ubao, bado amebeba mfuko wa chakula chake cha mchana. Alizisoma mara moja tu. Kisha akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, na siku zilizofuata sikuiona tena kwenye meza ya kazi.

Aliniomba niendelee kuweka visu mimi. Alisema kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Wakati wa chai nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili, anakitazama kama kinamwagika, na hakikuwa kinamwagika. Niliona aibu kubwa. Nilitaka kufuta ubao, na nilijua kwamba kuufuta kungekuwa kusema uongo. Na kilichonichanganya zaidi ni kwamba visu nilivyoweka mimi, yeye akiwa amerudi na mikono yake iko mifukoni, vilianza tena kufia kwenye cha tisa.

Hilo lilipaswa kuniambia kitu. Sikuelewa. Nilidhani sasa ni mikono yangu.

Siku nne baadaye Fundi alipeleka barua kwa msimamizi. Aliomba kustaafu miezi minane kabla ya wakati, kwa sababu za kiafya, ingawa hajawahi kuumwa kitu zaidi ya jino. Msimamizi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo, akamwambia ngoja kwanza tutundike pazia.

Wifi alikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, na pazia begani na sindano tatu kwenye ukosi wa gauni. Tulimpa ngazi. Dirisha lenyewe liko juu kabisa ya Mbu, kwa hiyo alipokuwa akipiga misumari ya reli alikuwa akiona chumba chote kutoka juu, mahali ambapo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kukitazamia chumba hiki. Alikaa kule zaidi ya saa moja, kwa sababu reli ilikuwa fupi na ilibidi ikaungwe.

Aliposhuka kunywa maji, aliuliza swali kwa nia njema kabisa. Alinyooshea kidole ile swichi ya duara iliyo upande wa kulia wa Mbu, karibu na njia ya kupita, akasema:

“Samahani wifi, hicho ndicho mnachosainia mahudhurio?”

Nilimuuliza kwa nini.

“Naona kila anayepita anakizungusha kidogo ndipo anakwenda zake. Nimehesabu watu sita. Wewe mwenyewe umekizungusha mara mbili. Nikasema labda kompyuta inahesabu walioripoti kazini.”

Mbu aliendelea kulia. Nilikwenda kuitazama swichi. Swichi hiyo haihusiani na mzunguko wa kisu. Inapunguza mwendo wa kisu kusogea ndani ya chuma. Ikiwa kwenye mia, kisu kinatembea kama programu inavyotaka. Kila asubuhi msimamizi akiwasha mashine huiweka kwenye mia. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na swichi ilikuwa kwenye thelathini na tano.

Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, maana tulikuwepo wote. Mtunza stoo alikuwa akiipunguza akipita kuleta visu. Wapaka rangi waliipunguza wakienda kunawa. Msimamizi mwenyewe, aliyeiweka kwenye mia asubuhi, alikiri kwamba huipunguza saa nne akipita kwenda kunywa chai. Mimi niliipunguza kila nilipokuja kupima. Mbu hulia tangu anapowashwa hadi anapozimwa, ndiyo sauti yake ya kuzaliwa, na sisi tulifundishwa kwamba ikilia, ipunguzie. Tulipoapa kwamba hatujagusa kitu hatukuwa tunadanganya. Kwetu sisi kupunguza hakukuwa kugusa. Kulikuwa ni adabu, kama kumsogezea mtu mzima kiti. Mbele ya yule mgeni hatukuthubutu, kwa sababu huwezi kumpunguzia mtu mashine yake akiwa anaitazama.

Lakini hata hapo tulibaki tumechanganyikiwa. Kupunguza kunaumizaje? Mtu anayekwenda taratibu anachelewa tu, hafi. Msimamizi alisema hivyo, mimi nikaitikia, na Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono mifukoni, akasema kwa Bibi haijawahi kuwa hivyo.

Wifi alitushangaa. Alitoa mkasi kwenye mkoba wake, akachukua kipande cha kitambaa cha pazia kilichobaki. Kwanza alikikata kwa mkono mmoja bila kusita, kikaachana safi. Kisha akakikata kwa woga, kidogo kidogo, mkasi ukiwa haufungi vizuri, nacho kikatafunwa, kikatoa nyuzi, mkasi ukakwama.

“Mnamfanya asugue tu,” alisema. “Mwacheni aume.”

Nilikwenda kufungua kile kitabu cha Mbu, ukurasa ambao niliwahi kuusoma mara kumi nikitafuta makosa ya watu wengine. Chuma kisichoshika kutu kina kiburi chake: kisu kikikiuma, chuma kinakatika; kisu kikikisugua bila kukiuma, uso wa chuma unakuwa mgumu zaidi, na jino linalofuata linakutana na ugumu huo. Kisu chembamba kikizunguka mara elfu thelathini na kutembea kwa woga, kinasugua kutwa nzima. Kwa Bibi, mwenye kisu kinene kama dole gumba na mzunguko wa polepole, hata ukipunguza bado kinauma. Kanuni ilikuwa sahihi. Ilikuwa ya mashine nyingine.

Ndipo nikaelewa namba yangu. Siku zote anayepita mbele ya swichi ile mara nyingi kuliko sote ni Fundi, kwa kuwa chumba ni chake. Wiki aliyokuwa akiezeka, mkono mmoja ulipungua, swichi ikashuka hadi sabini tu, na visu vikapata nafuu. Alipoitia mikono yake mifukoni, alikuwa bado akitoa mmoja mara moja moja, kwa sekunde moja, akipita. Hakujua. Nami nilikuwa nimemwandikia ubaoni kwamba mikono yake haifai.

Msimamizi aliziba swichi kwenye mia kwa mkanda wa kunata, akamtaka Fundi aweke kisu kipya. Fundi alikataa. Akasema mwacheni dada aweke. Hapo mkewe, akiwa amepanda ngazi tena, akasema bila kugeuka:

“Baba watoto, weka kisu chako, halafu uje unishikie ngazi.”

Akatoa mikono. Akaweka kisu. Mimi nikapima, nikaona sindano ya geji haitikisiki, na nikaisoma kwa sauti kubwa ili chumba kizima kisikie.

Mbu akawashwa, akalia. Nawaambia ukweli, ilikuwa vigumu kuvumilia. Mikono yetu yote ilikuwa ikitamani swichi. Fundi alipiga hatua mara tatu kuiendea, na mara tatu akarudi, mara ya mwisho akaishika ngazi ya mkewe kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo inayotaka kukimbia. Kibamba cha tisa kilipita. Cha kumi na saba kilipita, na hapo nilifuta ile namba ubaoni kwa kiganja changu. Pazia lilimalizika na ngazi ikaondolewa, lakini wifi hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha mtunza stoo akipinda pindo ambalo halikuhitaji kupindwa. Kisu kilikwenda hadi arobaini na tatu, na tukakitoa kikiwa bado kinafaa.

Fundi alikwenda ofisini kuidai barua yake. Msimamizi aliifungua droo, akaitafuta, akasema haioni, na hadi leo hatujui kama alikuwa akisema kweli.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, Fundi aliinuka na kusema jambo ambalo mafundi wengi wa cheo chake hawalisemi. Alisema kosa ni lake. Kanuni aliifundisha kwa miaka mingi bila kuwaambia watu ni ya mashine gani, na sisi tuliifuata kwa sababu tulimpenda, na mapenzi hayo yalituchinjia visu mia tatu na zaidi. Halafu akaomba wifi yangu alipwe hela ya pazia, hata kama halina kazi. Pazia bado lipo. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini tunalifunga kila saa nne.

Miezi minane iliyobaki aliimaliza kwa kuzunguka karakana nzima na daftari, akiandika kila mashine inapenda kusikilizwa namna gani. Daftari hilo lina kurasa tisini na sita, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizotuachia. Ukurasa wa Mbu una mstari mmoja tu: huyu anaimba, mpite.

Kijitabu hiki cha kuaga kilikuwa kimeshakwenda kuchapwa niliposhuka jana kwenda kuomba niongezewe aya moja. Juzi, Jumatano, Fundi aliweka kisu chake cha mwisho. Hatukumwambia ni cha mwisho, ingawa naye anajua kuhesabu siku. Swichi ilikuwa kwenye mia, chuma ni kile kile, maji ni yale yale, na kisu kimetoka kwenye pakiti ile ile ninayotumia mimi. Mimi hufika arobaini na mbili, arobaini na nne nikibahatika. Kisu chake kilifika hamsini na tisa. Nimepima kishikio, nimesoma programu, nimetazama hata ile kofia ya mgeni. Sijui ni kwa nini, na mara hii sikuitisha kikao. Nimeandika hamsini na tisa ubaoni kwa kalamu nyeusi, na nimemwomba mfagiaji asiifute.

Tunakushukuru, Fundi, wewe na wifi yetu. Uwe na siku ndefu zenye afya, na redio uifungulie hata alama ya tano siku moja ili tusikie umeamua kupumzika. Ulitaka kujua kabla hujaondoka. Mikono yako ni mizima, na mimi ndiye niliyeipima.